Uzi wa Do

Nyuzi arubaini na saba. Nimezihesabu
mara nyingi kuliko siku za kodi.
Do nyekundu, fa nyeusi, zilizobaki rangi ya utumbo,
na ni utumbo kweli, wa kondoo, uliosokotwa mbali.
Januari, hewa ya Nairobi ikikauka,
zinakatika usiku zenyewe. Pwaa!
Mama Mutheu wa ghorofa ya chini
hugonga dari yake kwa ufagio.
Anadhani nina mume mkali.

Hotelini Kilimani mlinzi hunipekua
mimi kidogo, kinubi sana.
"Hiki nacho? Fremu ya kitanda?"
Kinubi.
"Kile cha Daudi?"
Ndicho, ila Daudi hakuwa na kanyagio saba
wala hakupanda lifti ya mizigo
akibanana na sinia za sambusa.

Bibi harusi akachelewa dakika arubaini.
Nikapiga kipande kilekile mara sita.
Wageni wakala, wakapigwa picha na kinubi
bila kuniuliza jina,
ila mtoto mmoja chini ya kitambaa cha meza
akatoa kichwa: "Mbona umerudia?"
Huyo ndiye Jerop. Huja kila Jumamosi,
kucha zimetafunwa, viatu mkononi.
Namfundisha: dole gumba juu, vidole vinne tu,
kidole cha mwisho hakina kazi kwenye kinubi.
Akakitazama sana.
"Na hicho pia baba anakilipia?"

Jumanne na Alhamisi mimi ni mtafiti:
daftari, kinasa sauti, barua ya chuo yenye muhuri
inayodai sampuli kubwa zaidi.
Sampuli yangu ni Ombasa, bawabu wa ghala la saruji,
anayetoka zamu alfajiri, anakunywa chai,
anaiegemeza obokano magotini, chumbani Kawangware,
na vikombe vinaanza kutetemeka.
Mia tatu kwa wimbo.
Kigusii changu cha shule ya bweni
anakicheka bure, hatozi.
Nyuzi nane. Nane tu,
nami na arubaini na saba zangu
huu mwaka wa nne, nyimbo zake mbili
bado sijui niziandike vipi:
kila nikiushika mstari, mvumo wa chini
unaupenya kama maji chini ya mlango.

Ijumaa ya tamasha, saa nane mchana,
do ya katikati ikakatika.
Ya akiba ilikatika juzi.
Nyingine iko njiani, wiki tatu, na ushuru.
Nikashuka Barabara ya River, duka la Premji,
kutafuta mshipi wa nailoni, unene milimita moja.
"Wa samaki gani?" akauliza kijana wa kaunta.
Nikasema, sangara.
Pembeni sauti niijuayo ikasema, "Mimi kambare."
Ombasa, na sare yake ya ubawabu,
ameunyoosha mshipi kati ya meno na kidole,
anaudonoa, sikio limeinama.
Hatukucheka mpaka tulipotoka nje.
"Ungenunua wa mara mbili," akaniambia.
"Wa kwanza hukatika."

Nikarudi dukani.

Wa kwanza ukakatika.
Wa pili ukashika, ila hauna rangi,
na jicho langu bila nyekundu ile
linatangatanga kama mgeni mtaani.
Nikashuka kubisha kwa Mama Mutheu
nimwombe rangi ya kucha.
Akapanda nayo mwenyewe, taratibu, ufagio mkononi,
akachungulia jikoni, akachungulia nyuma ya pazia,
kisha akasimama mbele ya kinubi.
"Ndiye huyu anayekupiga usiku?"
"Mimi ndiye ninayempiga."
Akauegemeza ufagio ukutani.
Akavuta kigoda, akavaa miwani,
akaupaka uzi kutoka juu hadi chini
akiupulizia, ukauke.